Mtumbwi Usiokunywa Maji

Mazungumzo yetu ya jioni hii ni juu ya kazi ya mikono, nayo ni kupiga msasa na kupaka epoksi katika mtumbwi wa plaiwudi, mtumbwi ambao mtu aweza kuutengeneza nyuma ya nyumba yake bila ya kuwa na gogo la mwembe, na bila ya kuwa fundi wa vyombo aliyerithi tezo kwa baba yake.

Kwa nini nimelichagua jambo hili? Nimelichagua kwa sababu Ushongo, kijiji kile cha wilaya ya Pangani kilicho kusini ya mto Pangani, chenye minazi mirefu na ufuko mpana unaotazamana na kisiwa cha Maziwe, ni mahali ambapo haja ya chombo chepesi haijaisha wala haielekei kuisha. Gogo la kuchonga ngalawa limekuwa adimu, na likipatikana bei yake humtisha mtu mwenye nyavu mbili; boti za faiba ambazo serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi ni kubwa, huenda kwa mashine, na mkopo wake una masharti yake; basi je, yule atakaye kuvuka mto, au kutega kaa mikokoni, au kutupa mshipi karibu na pwani wakati wa maji mafu, afanye nini? Jibu mojawapo ni plaiwudi. Plaiwudi tatu za futi 8 kwa 4, nyembamba, za milimita 4 au 6, zatosha mtumbwi wa mtu mmoja au wawili, na watu wawili wakimaliza kuutengeneza waweza kuubeba mabegani mpaka majini.

Sisemi kwamba mtumbwi huo utaishinda ngalawa. Ngalawa yenye matengo yake na tanga lake hustahimili mawimbi ambayo mtumbwi wa plaiwudi haupasi hata kuyatazama, na anayepita juu ya matumbawe kila siku na abaki na mwembe wake. Nasema tu kwamba kila chombo kina mahali pake, na hiki nacho kina pake.

Sasa, kabla ya kuingia katika msasa na epoksi, niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa maana asiyejua namna chombo cha kale kinavyozuia maji hataelewa kwa nini hiki kipya chataka kutendewa kinyume. Mashua, au jahazi, hujengwa kwa mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu juu ya mataruma, na baina ya ubao na ubao hubaki ufa mwembamba. Ufa huo fundi huupiga kalafati, yaani huujaza pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, akiishindilia kwa patasi butu. Kisha sehemu ya chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta yale ya papa ambayo harufu yake humtangulia baharia nyumbani kabla yeye mwenyewe hajapiga hodi. Siku chombo hicho kishuliwapo huvuja, wala hapana ashangaaye. Watu hufua maji kwa upo usiku kucha, na baada ya siku chache mbao zikiisha kunywa na kuvimba, nyufa hujifunga zenyewe. Chombo cha kale, wasikilizaji wangu, huishi kwa kunywa maji. Kikikaa nchi kavu muda mrefu mbao husinyaa, nyufa hufunguka, na hapana hila ila kukipiga kalafati upya.

Mtumbwi wa plaiwudi haufanani na hicho hata kidogo. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mti yaliyobandikwa kwa gundi, moja likienda urefu na jingine likienda upana, na tabaka moja likinywa maji huvimba, hulisukuma jirani yake, hutengana nalo, na baada ya hapo huoza mahali ambapo jicho halifiki. Mtumbwi huu haunywi ukapona. Ukinywa umekufa. Nitalisema tena, kwa kuwa ndilo shina la mazungumzo yetu yote: chombo cha kale huzuia maji kwa kunywa, na chombo hiki huzuia maji kwa kutokunywa kamwe. Kila nitakalosema jioni hii, la msasa, la epoksi, la jua, hata la rangi, latoka katika shina hilo.

Labda mtaniuliza, je, maarifa haya ya kuunganisha mbao bila msumari ni mageni kabisa kwetu? Hata. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa chataja vyombo vilivyoshonwa katika mwambao huu, kwenye bandari iitwayo Rhapta, ambayo baadhi ya wanazuoni wameitafuta hapa hapa mlangoni mwa mto Pangani na wengine wameitafuta Rufiji. Na mitepe ya pande za Lamu, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi, iliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mtumbwi wa plaiwudi nao hushonwa. Mbao zake zilizokatwa kwa kipimo hutobolewa matundu pembeni, hufungwa kwa vipande vya waya wa shaba, nazo zikikazwa hujipinda na kuchukua umbo. Tofauti ni kwamba katika mtepe kamba hubaki maisha yote ya chombo, ilhali hapa waya hushika siku chache tu, mpaka gundi ichukue kazi yake. Njia hii ilienea duniani kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Daily Mirror lilipodhamini mashua ndogo ya tanga iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell ili mtu wa kawaida aijenge nyumbani. Na epoksi yenyewe ilipata sifa katika ujenzi wa vyombo vya mbao kwa kazi ya ndugu watatu wa ukoo wa Gougeon katika mji wa Bay City, Marekani, tangu 1969.

Haya, tuingie kazini.

Jambo la kwanza ni plaiwudi yenyewe, na hapa watu wengi huharibikiwa kabla hawajafungua kopo. Si kila plaiwudi yafaa. Iko iliyobandikwa kwa gundi ya makabati, ambayo ikikutana na maji huachana. Utaitambuaje? Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kitie katika sufuria ya maji, kichemshe saa moja au mbili, kisha kikaushe. Kikifunguka matabaka, mrudishie mwenye duka ubao wake na shukrani, na kikibaki kimoja, nunua. Fauka ya hayo, ziko mbao zile za rangi ya kahawia au nyeusi, zenye ngozi ya kuteleza, ambazo waashi huzitumia kumwagia zege. Gundi yake ni madhubuti, walakini ngozi ile haikubali epoksi. Utaipaka ikauke, upendezwe, na baada ya miezi ibambuke kwa mapande. Anayezitumia hana budi kuiondoa ngozi yote kwa msasa mpaka aone mti.

Jambo la pili ni epoksi. Wengi wenu mwaifahamu pasipo kujua, kwa maana ile gundi ya mirija miwili ambayo mtu huichanganya juu ya kipande cha bati na kubandikia kikombe kilichovunjika ni ya jamaa hiyo hiyo. Kopo moja lina resini, la pili lina kigandishi ambacho wauzaji huita hadina, na kila kimoja peke yake hakigandi. Vikutanapo kwa kipimo chake hugeuka kitu kigumu kisichorudi tena kuwa maji. Zingatieni neno kipimo. Katika resini nyingine, ile ya poliesta yenye harufu kali ambayo hutumiwa katika boti nyingi za faiba, dawa ya kugandisha hutiwa kwa matone, na fundi huweza kuizidisha au kuipunguza kidogo kulingana na joto la siku. Katika epoksi hapana kuzidisha wala kupunguza. Ikiwa kopo limeandikwa mbili kwa moja, ni mbili kwa moja; ikiwa tano kwa moja, ni tano kwa moja. Yule anayeongeza hadina ili ikauke upesi atapata kitu kisichokauka milele, kinachonata vidoleni mwaka baada ya mwaka. Na msikubali, tafadhali, kuuziwa poliesta kwa jina la epoksi, kwa sababu poliesta haishiki mti vizuri, na baada ya kupigwa jua na maji huachana nao.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Ukiisha kupima, koroga kwa kijiti bapa dakika mbili kamili, ukikwangua kingo za chombo na chini yake, na utaona kwanza michirizi iliyojikunja ndani ya ule uoevu, kisha itapungua, kisha uoevu wote utakuwa safi. Hapo, usiuache katika kikopo. Umwage katika sinia pana au chano. Kwa nini? Kwa sababu epoksi ikichanganyika hutoa joto yenyewe, na ikiwa imerundikana katika kikopo kirefu joto halipati pa kutokea. Hujiongezea, huchemka, hutoa moshi mkali, na kikopo cha plastiki huyeyuka mkononi. Kawaida yake ni kwamba kila joto la hewa likipanda nyuzi 10, muda wa kuifanyia kazi hupungua kwa nusu, hivyo maelekezo yaliyoandikwa Ulaya kwa hewa ya nyuzi 20 hayawezi kufuatwa dakika kwa dakika katika Ushongo ambako kivulini tu joto huweza kufika nyuzi 30 na zaidi. Ulizia hadina ya nchi za joto, ile ya kuganda polepole, na changanya kidogo kidogo. Nasema tena: changanya kidogo kidogo. Hasara ya kuchanganya mara nyingi ni uchovu, na hasara ya kuchanganya nyingi kwa mara moja ni fedha iliyoganda katika ndoo.

Na saa ya kupaka je? Hili ni jambo ambalo sijasikia likisemwa mara nyingi, nalo lina faida kubwa kwetu. Mti umejaa vishimo vidogo vyenye hewa. Mchana, jua linapopanda, hewa iliyomo hupanuka na kutaka kutoka, na ukiwa umepaka epoksi asubuhi, itatoka kupitia epoksi yako, na utaona uso mzima ukifanya mapovu kana kwamba chini yake pana kitu kinachopumua. Ukipaka alasiri, baada ya mbao kushinda katika joto na sasa zinaanza kupoa, hewa iliyomo hunywea, na badala ya kuisukuma epoksi nje huivuta ndani ya mti. Kwa hiyo tabaka la kwanza lipakwe alasiri, chini ya banda, kisha banda lifunikwe turubai kabla ya magharibi, ili umande usiliangukie.

Basi tumefika kwenye msasa, nami nitakaa hapa kitambo, kwa sababu hapa ndipo subira ya mtu hupimwa.

Wazee wetu walipiga msasa kwa majani ya mti wenyewe uitwao msasa, majani makavu yenye kukwaruza, wakisugulia vipini na miguu ya vitanda mpaka ing'ae. Nasi tulipoletewa karatasi za mchanga tukazoea kufikiri vivyo hivyo, kwamba kusudi la msasa ni ulaini na urembo. Katika kazi hii, mpaka siku ya mwisho ya kupaka rangi, kusudi lake ni kinyume. Epoksi hushika mikwaruzo. Mkwezi hupanda mnazi uliokatwa ngazi kwa kuwa kidole cha mguu hupata pa kukita, na mnazi mtupu uliolowa mvua humrudisha chini; ndivyo epoksi ilivyo juu ya mti na juu ya epoksi mwenziwe. Kwa hiyo mti uliokusudiwa kupakwa hupigwa msasa namba 80, si zaidi. Mtu akija na msasa namba 220 akausugua ubao mpaka ukawa laini, amejitaabisha kuharibu.

Hadhari moja: tabaka la nje la plaiwudi aghalabu ni jembamba kuliko milimita moja. Mtu mwenye mashine ya msasa na haraka hulitoboa kwa dakika moja, na hutambua tu aonapo rangi ya mti imebadilika na mistari yake imegeuka upande. Kwa hiyo katika uso wa ubao tumia mkono, na msasa uzungushie kipande cha ubao bapa ili vidole visichimbe mifereji.

Ukiisha kushona mtumbwi wako kwa waya, pembe za ndani hujazwa epoksi iliyotiwa uzito kwa unga wa mbao. Unga huo ndio ule ule unaotoka katika msasa wako, ukachujwa katika chekeche, basi usiutupe. Utauongeza mpaka ujiti ukisimamishwa ndani ya rojo hiyo usianguke, kisha utaipaka pembeni na kuilainisha kwa nyuma ya kijiko iwe na mviringo mzuri. Uilainishe vema wakati ingali laini. Kila donge uliachalo usiku huo litakugharimu jasho kesho, kwa maana epoksi iliyoganda ni ngumu kuliko mti unaoizunguka, na ukisugua donge hilo utakula mti wa pembeni kabla hujalimaliza.

Juu yake huja kitambaa cha kioo. Kitambaa chepesi cha gramu 200 kwa mita ya mraba chatosha kabisa kwa nje. Kikitandazwa kikavu ni cheupe, na epoksi ikikipenya hupotea machoni, hata mistari ya mti huonekana chini yake. Popote palipobaki weupe pana hewa, na hapo urudi kabla haijaganda. Vichwa vya mbao, yaani pembeni palipopita msumeno, vipakwe mara tatu, kwa kuwa hapo ndipo mti hunywa kwa pupa. Tundu la msumari au la kamba ya kufungia lililotobolewa baadaye nalo lina vichwa vyake ndani, nalo ni vivyo hivyo. Mitumbwi mingi iliyokufa ilianzia katika tundu moja ambalo mwenyewe alilitoboa baada ya kazi kwisha, akasema, ah, ni tundu tu.

Sasa sikilizeni hili la tabaka la pili. Ukiweza kupaka tabaka la pili siku ile ile, la kwanza lingali linanata kidogo lakini halitoki kidoleni, huna haja ya msasa. Matabaka mawili yatashikana yenyewe. Ukichelewa mpaka kesho, mambo hubadilika. Usiku, hasa katika hewa yetu yenye unyevu, epoksi nyingi hutoa utando mwembamba wa utelezi juu yake, usioonekana vizuri kwa macho lakini vidole huuhisi. Ukiupiga msasa kabla ya kuuosha, msasa huziba, na utando wenyewe huusambaza na kuuzika katika mikwaruzo, na tabaka jipya halishiki. Dawa yake haiko dukani. Ni maji. Maji safi ya kunywa, si ya bahari, na kitambaa kikavu cha kufutia kabla hayajakauka yenyewe. Osha kwanza, kausha, kisha piga msasa. Narudia kwa utaratibu wake: osha, kausha, msasa. Wengi hugeuza, wakapiga msasa kwanza na kuosha mwisho, kisha hulaumu epoksi.

Na mtu atajuaje kwamba amepiga msasa wa kutosha? Wakati fulani nilikuwapo kijana alipomwonyesha fundi mmoja mzee ubavu wa mtumbwi wake, nao uking'aa kwa madoa madoa.

"Shikamoo, mzee. Naona sasa umekuwa tayari kwa rangi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu inama huku, utazame jua likiwa upande wa pili. Waona nini?"

"Naona kweupe, na huku na huku panang'aa."

"Panapong'aa hujapagusa."

Na ndivyo ilivyo. Palipopita msasa huwa pamefifia na kuwa na weupe wa vumbi. Palipong'aa ni bonde ambalo msasa umeruka juu yake. Endelea na namba 120 mpaka mng'aro wote uondoke, ila ukianza kuona ufumaji wa kitambaa cha kioo ukijitokeza, simama mara moja, kwa kuwa nguvu ya mtumbwi iko katika nyuzi zile na ukizikata umeudhoofisha. Bonde lililobaki baada ya hapo huzibwa kwa epoksi, si kwa kusugua zaidi. Tabaka la mwisho lipigwe msasa wa maji. Maji huzuia vumbi kuruka na huuweka msasa bila kuziba.

Hilo la vumbi lanileta kwenye afya. Hadina ni kitu cha kuchokoza ngozi, na ubaya wake ni kwamba mwili huweza kuivumilia leo na kesho, kisha siku moja ukakataa, na ukikataa umekataa kabisa, ikawa kila uisogeleapo upele hutoka mikononi na macho huvimba. Vaeni glavu tangu siku ya kwanza, wala msingoje kuwashwa. Ikikugusa, ifute kisha osha kwa sabuni; usitumie thina, kwa kuwa thina huiyeyusha na kuipitisha ndani ya ngozi vizuri zaidi. Wala msipige msasa epoksi ambayo haijakomaa. Iacheni siku kadhaa, yapata juma zima ikiwezekana. Barakoa ni lazima, na watoto wasicheze chini ya banda msasa unapopigwa, hata ikiwa wamezoea kuokota maranda katika karakana ya seremala. Vumbi la kioo si maranda.

Je, mtumbwi ukiisha kung'aa kwa epoksi, kazi imekwisha? Wako wanaoupenda uzuri wa mistari ya mti chini ya epoksi na kutaka kuushua hivyo hivyo. Jua la Pangani halitawaruhusu. Epoksi huzuia maji, lakini jua huila. Baada ya muda huwa njano, kisha hupauka, kisha hupasuka nyufa ndogo ndogo, na maji, ambayo yamekuwa yakingoja, huingia. Sharti ifunikwe rangi, na rangi hiyo iwe nyeupe au yenye kuelekea weupe. Rangi nyeusi katika jua la saa saba hupandisha joto la ubao kiasi cha epoksi kuanza kulegea, kwa maana nyingi ya epoksi hizi hulainika joto lifikapo nyuzi 60 hivi.

Na hapa nataka kila fundi anisikilize. Tunayo desturi nzuri ya kupandisha ngalawa wakati wa bamvua, kuiegemeza, kisha kupitisha moto wa makuti chini yake, ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao na kuunguza vijani na chaza walioshika. Kwa gogo la mwembe ni dawa. Kwa mtumbwi wa plaiwudi ni mauti, kwani moto ule utalegeza gundi yote kwa mara moja. Ukikopeshwa mtumbwi huu na jirani, usimfanyie ihsani ya makuti. Uusugue kwa maji na kifuu, uupandishe juu kila urudipo, kwa kuwa mdudu haingii katika chombo kilalacho nchi kavu.

Mwaniuliza pia, wakati gani wa mwaka wafaa? Masika hayafai. Mwezi wa Aprili na wa Mei mbao zenyewe zimejaa unyevu, na unyevu uliofungiwa ndani ya epoksi hauna njia ya kutoka. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, mbao ni kavu lakini joto ni kali na epoksi hukimbia. Mimi ningechagua kuanzia Julai mpaka Septemba, hewa ikiwa imepoa. Ila kusi huvuma na kuleta mchanga na chumvi, basi banda liwe na ukuta wa makuti upande wa upepo, na kabla ya kila tabaka uso ufutwe kwa maji matamu, kwa sababu chumvi nayo huzuia epoksi kushika.

Mtumbwi ukiwa majini, mchanga wa Ushongo utaukwangua chini kila uburutwapo. Msiuburute, uinueni, ni mwepesi. Na pakikwanguka mpaka mti ukaonekana, msiende nao tena siku hiyo, hata ikiwa samaki wamejaa, na hasa msiende Maziwe. Kisiwa kile, ambacho kimekuwa hifadhi tangu 1975, kilikuwa na mivinje ya kumkinga mtu na jua. Leo ni fungu la mchanga, na maji yakijaa hufunikwa lote, hivyo aliyevujiwa huko hana pa kukaa akakausha chombo. Upandisheni mtumbwi, uoshwe kwa maji matamu, ukae kivulini siku mbili tatu mpaka mti ukauke kwelikweli, pigeni msasa mahali pale na pembeni yake kidogo, kisha pakeni. Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kinachochukua muda ni kungoja kukauka, na ambaye hawezi kungoja na amwachie mwingine mtumbwi.

Kwa leo, wasikilizaji wapenzi, saa yetu imetimia. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kafi: mti upi wafaa, urefu wake upimwe vipi kwa kimo cha mpiga kafi, na kwa nini kafi lisipakwe rangi pale mkono unaposhika. Walio na plaiwudi ndani na wachemshe kipande chake kabla ya hapo. Kwaherini.